Kiti cha Mpiga Kinanda

Usingizi unamchukua Zdenko ndani ya lori la vyombo, kichwa kakiegemeza kwenye spika, safari ya kutoka Zagreb kwenda Novi Sad. Ndiye mpiga kinanda wa Stakleni Most, bendi ya roki ya vijana wanne wenye nyimbo ndefu kuliko mahubiri ya Ijumaa Kuu, na kesho anaripoti jeshini, maana Yugoslavia haimsamehe kijana hata awe na vidole vya dhahabu. Bendi zote zinaujua mtindo huo: mmoja akirudi kutoka kambini mwingine anaitwa, na wanaobaki wanaapa kumngoja. Leo anaupiga mara ya mwisho utunzi alioanza kuuhangaikia tangu shuleni, na anaogopa, anaogopa sana, kwamba baada ya leo hautakuwa wake tena.

Lori linasimama, anashuka peke yake, na barabara inakwenda mpaka mjini, na nyuma ya mji kuna mji uleule umegeuzwa kama kwenye kioo, na nyuma yake mwingine. Kila mji una ukumbi, katika kila ukumbi wenzake wanapiga. Akifika mlangoni, muziki umeshahamia mji wa mbele. Njiani kasimama askari asiye na uso, kofia juu ya utupu. Ndugu askari, nionyeshe njia, sehemu yangu ya kupiga inakaribia. Askari anamuuliza: kiti gani hupata joto mwenyewe akiondoka? Sijui, ndugu. Basi kimbia. Anakimbia, anakimbia, miguu inazama kana kwamba anakanyaga unga, hata ukumbi mmoja unamhurumia na kumwacha aingie. Wenzake wamenenepa, wameota mvi, na kinandani amekaa kijana asiye na uso. Zdenko analia bila haya. Mliapa mtaningoja! Vjeran, mpiga besi, rafiki yake wa utotoni, hainui kichwa. Tulikungoja, Zdenko. Watu ndio hawakungoja. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga hawakukosea. Zdenko anaupenyeza mkono kinandani, anabonyeza, hakitoi sauti.

Amka, tumefika. Ni Vjeran, kijana vilevile, anamtikisa bega ndani ya lori. Zdenko anacheka kwa furaha, anajishika kichwa: kimenyolewa, kipara kitupu. Vjeran, nakwenda jeshini kesho, au nimerudi jana? Vjeran anamtazama kwa huruma. Usianze tena, ndugu yangu. Shuka utushikie mlango, tupitishe vyombo. Anashuka, anaushika mlango, na kutoka ukumbini mtu anajaribisha kinanda kwa sehemu ya Zdenko katika utunzi ule, wala hakosei hata mahali pamoja.