Onyo Ambalo Loise Hakulitafsiri

Rungu la kwanza lilimpata mzee Dida juu ya sikio, akaanguka akiwa bado ameshika kikombe cha chai. Loise aliliona likishuka. Alikuwa amesimama jukwaani, hatua kumi tu kutoka pale, kipaza sauti mkononi, kazi yake siku hiyo ikiwa kuwafikishia watu wote maneno ya watu wote, kwa Kiswahili na Kiingereza. Lakini mlio ule wa mfupa hakuwa na lugha ya kuutafsiria. Safu moja ya watu iliinuka upande wa wafugaji, nyingine ikainuka upande wa wakulima, na Siku ya Amani ya Garsen ikageuka machinjo kabla wimbo haujafika mwisho.

Wimbo wenyewe haukuwa kwenye ratiba ya awali. Nafasi ile ilikuwa ya wasichana saba wa sekondari, wakiongozwa na wawili: Valary, mdogo wake Loise, Mpokomo aliyezaliwa Ndera kando ya mto; na Gumato, Mworma, ambaye ng'ombe wa baba yake walikuwa wamelala zaidi ya mara moja katika migomba ya kina Valary. Wawili hao walikuwa wamejifunza dansi za vijana wa Korea kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Waliandika maneno ya nyimbo daftarini kwa herufi za Kiswahili, kama walivyoyasikia, bila kuyaelewa. Loise aliwahi kumuuliza mdogo wake wanapata utamu gani katika lugha wasiyoijua. Valary alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba Kipokomo kina neno la kumtukana babu yake Gumato, na Kiorma kina neno la kumtukana babu yao wao. Katika Kikorea hawajui tusi hata moja.

Ndipo alipokuja Henrik. Alikuwa Mzungu wa makamo, mkusanyaji wa nyimbo za kale, na shirika lake ndilo lililoleta mahema na vyombo vya sauti vya sherehe. Loise aliajiriwa kuwa mkalimani wake. Siku ya kwanza alimpeleka kuwatazama wasichana wakifanya mazoezi darasani. Henrik alisimama mlangoni kwa dakika moja, akacheka kama mtu aliyeonyeshwa kuku aliyevaa viatu.

Baadaye alimweleza Loise sababu. Kwao, alisema, muziki ule ni wa vitoto vya kike na wa watu wasio na masikio. Waimbaji wake hufinyangwa kiwandani kama vikombe vya plastiki, wote sura moja, wote sauti moja. Binti yake mwenyewe alikuwa amejaza picha zao ukutani, naye siku moja akazichana zote kwa hasira, na mtoto akakaa mwezi mzima bila kumsemesha. Alisimulia kama kichekesho, lakini mwisho wake hakucheka. Na leo, akaendelea, amesafiri umbali wote huu hadi mto Tana, anakutana na plastiki ileile.

Valary alikuwa amesimama karibu, na Kiingereza cha darasani alikuwa nacho.

“Wewe umevuka bahari kutafuta nyimbo zisizo za kwenu,” alimwambia. “Mimi nimezipata za watu wengine bila hata kutoka Garsen. Mbona zangu ndizo za kuchekwa?”

Henrik alitabasamu, akamwambia Loise kwamba mdogo wake ana akili na akikua ataachana na mambo hayo.

Siku hiyo Loise alimkasirikia. Lakini dharau ni kama moshi: hukaa nguoni hata mwenye kuwasha moto akishaondoka. Kila jioni Henrik alimsifu kwa sikio lake kali, akamwita mlinzi wa hazina ya watu wake, na Loise, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mlinzi wa chochote, alianza kuisikia nyumba yao kwa masikio ya mgeni. Wiki ya pili haijaisha, alimwambia Valary azime ile plastiki. Valary aliizima, akaenda kuketi nje peke yake.

Ratiba ikabadilishwa. Mahali pa wasichana Henrik alitaka sauti ya mto yenyewe, na aliyetajwa na kila mtu alikuwa Barnabas, fundi wa mitumbwi na mzee wa kanisa. Walimkuta karakanani, ametapakaa vumbi la mbao. Aliposikia ni wimbo gani unaotakiwa, aliweka chini tezo aliyokuwa akichongea.

“Mwambie,” alimwambia Loise kwa Kipokomo, “wimbo huo una ubeti wa tatu. Tuliutunga mwaka ule wa vita na wafugaji, tulipozika watu wetu. Mwanangu Levi yumo humo. Nikiuanza siwezi kuukatiza njiani, na wafugaji wanaujua vizuri. Ukiimbwa mbele yao, damu itamwagika. Atafute mwingine.”

Loise alifungua kinywa. Alimwona Henrik akingoja, kinasa sauti tayari kinawaka taa yake nyekundu, uso wake umejaa shauku. Akaona na kazi yake ikiteleza, na lile jina la mlinzi likiteleza nayo.

“Anasema ni wimbo mzito,” alitafsiri, “wimbo wa msiba. Anasema ni vigumu kuukatisha.”

Macho ya Henrik yalimetameta. “Mwambie asikate hata neno moja.”

Hilo Loise alilitafsiri lote.

Barnabas alimgeukia Loise. “Amesikia nilivyosema?”

“Amesikia.”

Mzee aliinama, akaokota tezo yake. Miaka mingi alikuwa ameambiwa asamehe, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia aimbe. Akakubali.

Basi siku ilipofika, aliimba. Ubeti wa kwanza wakulima waliitikia kwa upole. Wa pili, wanawake wengine walianza kulia. Wa tatu uliwaahidi wafugaji kwamba iko siku mto utawarudishia ng'ombe wao wakiwa wamevimba, na wenye ng'ombe wamelala juu yao. Kijana mmoja Mworma alirusha kikombe cha chai ya moto kuelekea jukwaani. Rungu lililojibu halikumtafuta yeye. Lilishukia kichwa kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa cha Dida, mjomba wake Gumato, aliyekuja kwa sababu aliambiwa kutakuwa na chai na maneno mazuri.

Viti vilivunjwa vikawa silaha. Kamba za hema zilikatwa, na turubai likawafunika watu ambao walipigwa humohumo chini yake, na waliokuwa nje hawakujua wanampiga nani. Mapanga yalitoka mahali ambapo Loise hakuelewa, kama yaliyoota ardhini. Alimwona mwalimu wake wa zamani akimkanyaga mtu shingoni, tena na tena, uso wake umetulia kama wa mtu anayekanyaga udongo wa kujengea. Aliona panga likiinuliwa juu ya Gumato, na Gumato akiinua mkono wa kulia kujikinga. Mkono ulishuka bila vidole vitatu. Valary alimrukia rafiki yake akamfunika, na fimbo za pande zote mbili zikamwangukia mgongoni.

Hapo kijana mrefu wa Kiorma aliwainamia wasichana wale wawili, akamshika Valary begani. Loise aling'oa chuma cha kushikilia kipaza sauti, akaruka kutoka jukwaani na kumpiga kijana yule usoni kwa nguvu zake zote. Akampiga tena. Mara ya pili alihisi kitu ambacho baadaye kilimnyima usingizi kuliko vilio vyote: alihisi raha.

Kijana hakurudisha pigo. Alitema jino, akamwinua Gumato kwa mkono mmoja na Valary kwa mwingine, akawakokota wote wawili hadi nyuma ya gari la askari waliokuwa wakipiga risasi hewani. Alikuwa Dadacha, kaka yake Gumato.

Dida alifia palepale. Wengine wawili walifia hospitalini, mmoja wa kila upande. Valary alivunjika mbavu mbili. Barnabas alikamatwa, na hakujitetea.

Siku ya tatu Henrik alimwita Loise chumbani alikofikia. Kinasa sauti kilikuwa kimerekodi kila kitu, na alitaka kujua ule ubeti ulisema nini. Loise alimtafsiria neno kwa neno. Kisha akamtafsiria na maneno ya karakanani, yale aliyoyameza.

Henrik aliuliza: “Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungeuacha?”

Henrik alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

“Nadhani ningeutaka zaidi.”

Loise aliona kwamba ndilo neno la kweli la kwanza alilolisikia kwake. Lakini ukweli wa mtu mwingine hauoshi mikono yako. Henrik angepanda ndege. Yeye angebaki hapa, na kwa siku tatu watu walikuwa wakimpa pole kama mmoja wa waliojeruhiwa.

Asubuhi iliyofuata alipanda bodaboda kuelekea upande wa nyanda za wafugaji, na dereva alipokataa kwenda mbele zaidi, akatembea. Mbwa walimpokea kabla ya watu. Dadacha alikuwa mlangoni mwa boma, midomo imevimba na nyuzi za daktari zikionekana. Alimtazama Loise, kisha akasogea kando.

Mama yake Gumato alikuwa ameketi chini karibu na mwanawe aliyelala, mkono wake umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Loise alipiga magoti. Alieleza kwa Kiswahili: kwamba alionywa, kwamba alilificha onyo, kwamba wa kwanza kuionea aibu dansi ya watoto alikuwa yeye, kwamba ndiye aliyempiga Dadacha.

Gumato aligeuza uso ukutani. Mama alisikiliza bila kumtazama mgeni. Loise alipomaliza, nje kulisikika ndama akimwita mama yake.

“Umesema kwa lugha ya ofisi,” mama alisema mwishowe. “Dida alikuwa kaka yangu. Hiyo lugha hakuipenda. Sema kwa Kiorma.”

Loise alikijua Kiorma cha sokoni tu, cha kuuliza bei ya maziwa. Alianza hata hivyo, akikwama, akitafuta. Alipofika kwenye neno la kuficha, alilikosea, likatoka kama neno la kupoteza.

Mama alimsahihisha, polepole, mara moja tu. Kisha akangoja neno linalofuata.