Shokapu ya Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na kunyoa anajua, sitamnyima haki yake. Shida ni kwamba vichwa havimtoshi. Redio ikikoroma, ataifungua. Bomba la jirani likivuja, atakwenda na koleo lake, na jirani atakaa siku tatu bila maji. Mtaani wanamwita Injinia, naye anadhani wanamsifu.

Mtu wa namna hiyo nilimwachia pikipiki yangu Alhamisi kutwa nzima, wakati Ijumaa asubuhi nina mtihani wa leseni. Kosa langu, nakubali.

Na mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Miaka sita nimeosha chupa na kupiga deki kwenye maabara ya hospitali. Dereva anayekusanya sampuli za damu kutoka zahanati za pembeni alipokaribia kustaafu, mkuu wa maabara akaniita: "Lete leseni ya pikipiki kabla ya mwisho wa mwezi, kazi ni yako. Usipoleta, nampa mwingine." Nikanunua pikipiki ndogo, chakavu, fupi kama mimi. Nikikaa, nyayo zote mbili zinatua chini. Nyuma ilikuwa na shokapu moja tu ya kumeza mtikiso, chini ya kiti, inayolia kwii kila shimo. Miezi miwili nimejifunza nayo. Ile kwii nilishaizoea, ilikuwa kama inanisalimia.

Basi Alhamisi narudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni, nakuta wanaume wamejaa nje ya kibanda cha kinyozi. Mmoja ana povu nusu kidevu, ametoka hivyo hivyo kuja kutazama. Katikati yao imesimama pikipiki yangu, matako juu, pua chini, kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Chini ya stendi wameweka tofali.

"Mama Watoto!" mume wangu akanipokea, meno yote nje. "Njoo uone mumeo alivyokutendea."

Nikaona. Chini ya kiti kulikuwa na shokapu nyingine, ya mtumba, nene, springi imepakwa rangi ya njano.

"Imetoka kwenye pikipiki kubwa ya ng'ambo," akasema. "Ile yako ilikuwa imekufa. Hii hata ukibeba gunia la saruji haitikisiki."

"Nani kakwambia nabeba saruji?"

"Ni mfano tu, mke wangu."

Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, ambaye hata baiskeli hana, akadakia: "Shemeji, hapo umepata chombo. Mimi mwenyewe nimekaa nikaipima. Imetulia!"

Kumbe kila aliyekuja kunyolewa alikuwa amekaa. Mwenye kilo tisini alikaa akasema springi iko sawa. Mrefu kuliko wote alikaa akasema sasa magoti yanapata nafasi. Mmoja akashauri wakaze nati ya springi, wakaikaza. Mwingine akashauri waikaze tena, wakaikaza mpaka ikagoma. Watu kumi na moja, jamani, nimewahesabu, walikaa juu ya kiti changu wakatoa maoni. Asiyekuwepo na lake halipo.

Nikawaambia wasogee. Nikarusha mguu, nikapanda. Nikatafuta ardhi. Sikuiona. Kule chini shokapu imezidi ya zamani kwa vidole viwili, lakini huku juu kiti kimepanda nusu shubiri nzima. Nikajinyoosha mpaka kidole gumba cha kushoto kikagusa vumbi. Na springi haikubonyea hata chembe. Kwa kilo zangu hamsini na mbili haikujua kama kuna mtu juu yake.

"Utazoea," akasema mume wangu.

"Kesho nina mtihani."

"Ndiyo maana nikakuwahishia! Nilitaka iwe zawadi."

Wee! Damu ilinichemka mpaka masikio yakaungua. Nikamwambia mbele ya wale wale washauri wake, "Baba Watoto, nirudishie shokapu yangu, sasa hivi." Akaanza kukuna kisogo. Nikajua kuna jambo.

"Ile niliibadilisha," akasema. "Muuza spea aliichukua kama sehemu ya bei."

Nikamshika mkono kama mtoto mtoro, tukaenda kwa muuza spea. Alikuwa anafunga mlango. "Ile ndogo?" akasema. "Imeshaondoka, dada. Nimemfungia mteja saa nane, akaenda zake safari. Alifurahi huyo! Ilikuwa nzima kabisa, ilihitaji tone la grisi tu."

Nikamgeukia mume wangu. Akawa anasoma bango la matairi. Nikamuuliza muuza spea kama ana nyingine fupi. Hana, labda Jumatatu. Maji yakimwagika hayazoleki. Tukarudi nyumbani, na usiku ule alilala kageukia ukuta.

Asubuhi kwenye uwanja wa mtihani tulikuwa sita, wanaume watano na mimi. Mtahini, mzee mmoja mkavu asiyecheka, alikuwa amepanga koni kwa umbo la nane. Sheria yake fupi: zunguka nane mara mbili, polepole, na mguu usiguse chini. Ukigusa, umefeli. Mwisho simama kwenye mstari. Niliiegesha pikipiki kwa kipande cha ubao chini ya stendi, wenzangu wakaniangalia na ule ubao wangu, mmoja akauliza kama nimekuja kujenga. Niliwaza zile chupa, miaka mingine sita ya zile chupa.

Wa kwanza akaingia kwa mbwembwe, kona ya pili akayumba, mguu chini. Kwaheri. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alipita, wa nne akagonga koni, wa tano mguu chini. Kisha mimi.

Kuondoka sikuweza kukanyaga kwa unyayo, nilijisukuma kwa kidole gumba nikaachia klachi. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili pikipiki ikalala kidogo, na mguu wangu, kwa mazoea ya miezi miwili, ukashuka kuokoa. Wallahi ulishuka! Ukakuta hewa, ukarudi. Nikaongeza mafuta kwa woga, pikipiki ikanyooka yenyewe. Mara ya pili nikapita nalia kimoyomoyo. Kwenye mstari nikatelezesha tako moja nje ya kiti, nikatua kwa mguu mmoja, nikaishikilia isiniangukie. Mtahini akaandika.

"Una mizani nzuri," akasema. "Umefaulu."

Kabla sijashuka nikasikia kelele kwenye uzio. Ni mume wangu, kafunga kibanda chake kuja kunitazama, anawapigia makofi watu asiowajua. "Shokapu hiyo!" anawaambia. "Mimi nimeifunga kwa mkono wangu!"

Jioni kibandani alipewa pongezi. Shemeji alipewa pongezi. Hata yule wa povu alipewa, kwa sababu ndiye aliyeshauri nati ikazwe mara ya pili. Mimi nilipita na ndoo ya maji, wakaniambia, "Una bahati ya mume, dada." Nilitamani kuwamwagia ile ndoo. Maji ni ya kutafuta, nikaenda nayo ndani.

Jumatatu nilikabidhi leseni, na mkuu wa maabara akanituma karakana ya hospitali nikachukue pikipiki ya kazi. Ilikuwa ndefu kuliko hata ile yangu. Nikajisemea, haya, tunaanza upya, na nikakunja uso tayari kuambiwa nitazoea.

Fundi wa karakana, kijana mwenye ovaroli iliyoloa oili, akaiweka katikati, akavuta kigoda, akaketi chini karibu na gurudumu na spana mkononi. Hakugusa nati yoyote.

"Panda kwanza, dada," akasema. "Niambie miguu inafikia wapi, na springi inakubonyea kiasi gani. Halafu tutaanza kushusha."

Nikapanda. Nikataka kumjibu, machozi yakanitoka pale pale juu ya kiti cha serikali. Akashtuka, akadhani ameniumiza mahali.

"Si wewe, fundi," nikamwambia. "Ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo lisiloingia akilini.

"Sasa nimuulize nani?" akasema. "Si wewe ndiye unayeipanda?"