Ruhusa ya Adhuhuri

"Hivi barafu yenu nayo hushika sikukuu?"

Helve, jirani wa ng'ambo ya bustani ya vitunguu, alimwuliza Zinovia swali hilo mwaka mmoja, huku akicheka, alipomkuta ameshika kitabu cha sala na wenzake wako ziwani wanatoa nyavu. Zinovia hakukasirika. Alimjibu kuwa barafu ni ya Mungu na siku ni ya Mungu, vitajuana vyenyewe.

Mwaka huu havikujuana.

Jana ilikuwa Sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, kwa kalenda ya zamani wanayoifuata Zinovia na wenzake wa nyumba ya sala, Wakristo wa imani ya kale. Siku hiyo hata ndege hajengi kiota. Ingawa ni katikati ya mfungo, samaki huruhusiwa kuliwa; kuvuliwa, hapana. Zinovia alisali kwa kusimama mpaka magoti yakamlilia, akala mkate wa samaki, akalala. Tangazo kwamba Ziwa Peipsi limefungwa, mtu asikanyage tena barafu, liliingia kwenye simu za watu jioni hiyo. Simu yake ilikuwa kabatini, imezimwa.

Basi alfajiri alishuka ufukweni bila habari, yeye na shemeji yake Makari, wakiburuta mkokoteni wao usio na magurudumu. Walikuwa wamepakia mtaimbo, magunia, na mbao mbili za kuvukia nyufa. Usiku baridi ilikuwa imekaza vizuri. Majira haya ya kuchipua, barafu hubeba ng'ombe asubuhi, na adhuhuri haibebi paka. Anayeamka mapema huenda na kurudi salama. Nyavu zake nne zilikuwa chini ya barafu hiyo, mwendo wa nusu saa. Ilikuwa lazima zitoke leo, siku ya mwisho kisheria. Wavu utakaolala majini baada ya leo, mwenyewe hunyang'anywa haki ya kuvua, na haki hiyo ndiyo Zinovia aliyoachiwa na marehemu mumewe, Feoktist. Bila hiyo hakuna samaki wa kukausha kwa moshi, hakuna cha kuuza kando ya barabara, hakuna kuni za baridi ijayo.

Ufukweni walikuta utepe mwekundu na mweupe umefungwa kutoka mti hadi mti, na mbele yake Ranno, mtoto wa Helve, katika sare ya walinzi wa ziwa. Aliwaamkia kwa heshima. Kisha akawaeleza habari za tangazo.

"Sasa nyavu zangu, mwanangu?"

"Mambo ya nyavu si yetu, shangazi. Hayo ni ya ofisi ya samaki."

"Na ofisi ya samaki inasemaje?"

Ranno akapiga simu. Ofisi ya samaki ikasema nyavu zitoke leo kama sheria inavyotaka. Mambo ya barafu waulizwe walinzi. Akawapigia wakubwa wake. Wakubwa walikuwa hawajafika kazini. Zinovia akagonga ukingo kwa mtaimbo, barafu ikajibu kwa sauti kavu, nzito. Ranno aliisikia. Baba yake naye alikuwa mvuvi.

"Umesikia hiyo, afande?" Makari akamwuliza. "Au na sikio lako linangoja wakubwa?"

"Nikiwaachia nafukuzwa kazi, mjomba."

Zinovia alimwambia shemeji amwache kijana. Akaketi juu ya mkokoteni, akaanza kuhesabu shanga za ngozi za kamba yake ya sala. Wakubwa walipofika, waliingia kikaoni. Jua likapanda juu ya misonobari. Ule weupe wa barafu ukageuka kijivu, vidimbwi vikajitokeza, ukingo ukaanza kunong'ona kama sufuria inayokaribia kuchemka. Makari aliacha kutania. Mara mbili Zinovia alimwomba Ranno apige tena, na mara mbili Ranno akapiga, akapewa mtu mwingine ambaye hakujua habari tangu mwanzo. Kufikia adhuhuri barafu ilikuwa nyeusi.

Ndipo simu ikalia. Ranno alisikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo, akaikata.

"Wamekubali. Mtu mmoja, mpaka jioni, kwa hatari yake mwenyewe."

Makari akachukua mtaimbo, akauacha ushuke ukingoni kwa uzito wake tu, wala hakupiga. Ukazama mpaka kwenye ngumi yake, maji yakabubujika pembeni.

"Hiyo ndiyo waliyoikubali," akasema.

"Naiona, mjomba." Ranno aliinamia kisimu cha kazi, masikio yamemwiva. "Lakini lazima nijaze. Ruhusa imetolewa. Alikwenda, au hakwenda."

"Jaza kwamba barafu imekataa."

"Hakuna mahali pa kujaza hivyo."

"Na akiwa hakwenda?" Makari akauliza.

"Basi aliruhusiwa akaacha kwa hiari yake. Nyavu zinakuwa kosa lake." Ranno aliuinua utepe kwa mkono mmoja, kama alivyoagizwa, kisha akashusha sauti. "Shangazi, mimi nakuomba usiende. Ila ni lazima nikuulize. Unaingia?"

Zinovia alitazama kule ziwani, mahali vijiti vya nyavu zake viliposimama vimeinama ndani ya maji yaliyotuama juu ya barafu. Akafanya ishara ya msalaba kwa vidole viwili, kama desturi ya nyumba ya sala. Halafu akaokota kamba ya mkokoteni, akaugeuza, akapanda nao njia ya bustani ya vitunguu, kurudi nyumbani.