Kijivu cha Mzee Wafula

Mzee Wafula, fundi mstaafu wa ndege za jeshi, alinipa kindege chake cha plastiki nikipake rangi. Mara tatu nilichanganya nyeupe, nyeusi na tone la buluu. Mara tatu akakikataa.

"Jaffar, hiki ni kijivu cha geti! Ndege zetu hazikung'aa hivi. Ukikosea tena, nampa Clifford, fundi rangi mwenzako."

Clifford anicheke mtaa wa Magongo mzima? Wallahi, chuo kilinishinda, kijivu hakinishindi! Sikuchanganya kitu. Nilikiweka kindege dirishani siku mbili, vumbi la malori likamaliza kazi.

"Hiki ndicho!" mzee akashangilia. "Umetia nini?"

"Siri ya fundi, mzee."

Bintiye Lynnette akaja na kitambaa. "Baba, kina vumbi. Nikipanguse?"

"Usiguse!" Mzee aliruka kabla yangu.