Fungu la Mayai ya Magnolia

Asubuhi ile ya Juni, Thurmond alipokuja kuchukua mayai yake, kama alivyoyaita, alimkuta dada yake Verlene sebuleni, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda na beseni la mayai amelipakata mapajani.

"Umeamkaje, dada?"

"Usinisalimie. Njoo uone ulichokifanya."

Kando ya dirisha, ndani ya sanduku lake la kioo, alilala Magnolia. Alikuwa nyoka wa mahindi, mwekundu wa kuiva, hana sumu wala ugomvi, wa aina ambayo kule Karolina Kusini kila mtoto amewahi kumkurupusha ghalani. Jana jioni alikuwa ametaga mayai saba, meupe, yakagandamana fungu moja. Kisha akakoma. Mawili yalibaki tumboni karibu na mkia, yametuna kama mafundo kwenye kamba. Usiku kucha alijikunja, akajinyoosha, akasukuma, na sasa alikuwa amelala tu, mdomo wazi kidogo.

Thurmond alichungulia mara moja, halafu macho yake yakarudi kwenye beseni.

"Saba! Si haba kwa mara ya kwanza."

Si haba! Verlene alihisi damu ikimpanda kichwani. Mwanamke huyu alikuwa ameendesha basi la shule maisha yake yote ya kazi, akavumilia matusi ya watoto na kelele za wazazi wao, na hakuna siku aliyotamani kumpiga mtu kama siku ile.

Maana jambo lenyewe lilikuwa hivi. Majira ya kuchipua alilazwa kupasuliwa goti, na nyumbani hakuna mtu. Thurmond, mdogo wake wa mwisho, ana banda nyuma ya nyumba lililojaa droo za plastiki toka chini hadi darini, kila droo na nyoka wake. Kwa hiyo Verlene alimwachia Magnolia. Alimwambia ampe panya mmoja kwa wiki, maji, na joto la kutosha. Basi. Hakuagiza mume.

Lakini kuna watu ukiwapa shubiri huchukua pima. Wafugaji wa nyoka wa kule wana desturi yao: mwenye jike na mwenye dume huwakutanisha, na mayai wakagawana nusu kwa nusu. Desturi nzuri tu, ikiwa wenyewe wawili wamekaa wakakubaliana. Thurmond alikubaliana na nani? Labda na dume lake lile jeupe, alilolinunua mbali na kulisifia kila mahali hadi kanisani. Magnolia aliporudi nyumbani amenenepa, bwana huyu alitabasamu akasema amemlisha vizuri. Verlene akamshukuru! Akamwokea na keki ya pichi. Kila alipoikumbuka keki ile sasa alitamani kuidai irudi.

"Nimempigia daktari wa wanyama kule mjini Savannah," alisema. "Amesema aletwe sasa hivi. Mimi sijaruhusiwa kushika usukani. Utatupeleka."

"Savannah? Leo?" Thurmond alicheka. "Dada, ni nyoka huyo, si malkia. Mpe muda. Wengine hukaa siku mbili, tatu, halafu yanatoka yenyewe. Maumbile yana njia yake. Subira huvuta heri."

"Humwoni alivyochoka?"

"Amepumzika."

"Thurmond, huyu ana miaka miwili. Miwili! Nyinyi wenyewe kwenye vikao vyenu husema jike asiguswe mpaka atimize mitatu, awe na mwili. Umenihubiria hayo mezani kwangu huku unatafuna karanga zangu za kuchemsha. Huyu ana mwili gani? Ana unene wa kidole."

"Alikuwa tayari. Mimi nawajua."

"Unawajua! Ungewajua usingemfanyia hivi mtoto."

"Mtoto!" Alitikisa kichwa kama anayemhurumia mgonjwa. "Haya. Saa sita nina wateja wawili wanakuja kuyaona mayai, nimewaahidi wiki nzima. Nipe beseni niyatie kwenye joto. Jioni nitapita tena, tutazame. Ikibidi nitakupa mwingine, tena mzuri kuliko huyo."

Akanyoosha mikono. Nipe beseni. Mayai amekuja kuyachukua kabla mama yao hajamaliza kuyataga, na huyo mama atapewa badala yake kama kikombe kilichovunjika! Verlene alilivuta beseni kifuani, akatia mkono wake mpana chini ya lile fungu.

Yai la nyoka si la kuku. Kuku hukaa akiyageuza ya kwake kutwa nzima, nayo yakastawi. La nyoka likishatua, upande wa juu lazima ubaki juu. Ukiligeuza, kilichomo kinaweza kuzama kikafa, na kwa nje usione tofauti yoyote. Ndiyo maana wafugaji huyatia alama ya penseli juu, na huyabeba kama watu wanaobeba supu ya moto. Thurmond ndiye aliyemfundisha dada yake hayo, kwa majivuno yake yote.

"Chukua hatua moja zaidi," Verlene alisema, "nalipindua lote kama samaki kikaangoni."

Thurmond aliganda.

"Huwezi."

"Mimi?"

"Dada, acha mchezo. Yale ni... unajua yale ni mayai ya namna gani? Dume lile—"

"Dume lile lisinitajie. Washa gari."

"Verlene!"

Fungu likainuka kidogo upande mmoja.

"Nawasha! Nawasha gari, mwanamke we! Mungu wangu, una roho ya mamba."

"Tena wa kinamasi. Nenda."

Aliinuka kwa mkongojo kufuata mkoba wake chumbani, na beseni akaenda nalo kwapani, maana hakuwa mjinga. Aliporudi alimkuta Thurmond, ambaye alipaswa kuwa nje, anafunika kifuniko cha sanduku la kioo.

"Unafanya nini hapo?"

"Namtazama tu. Si umesema nimtazame?"

Wakamtia Magnolia ndani ya foronya, wakafunga fundo, wakaondoka. Njia nzima Thurmond aliendesha polepole kuliko gari la maiti, si kwa ajili ya aliyekuwa ndani ya foronya bali kwa ajili ya beseni. Kila tuta alinong'ona, "Shika vizuri, shika vizuri." Foronya ilikuwa juu ya bega la Verlene, ndani ya fulana yake, ipate joto. Alimsikia Magnolia akijisogeza mara moja, kwa shida, halafu kimya. Akaanza kuomba kimoyomoyo, mtu ambaye miaka minne iliyopita alikuwa akiona nyoka, yeye mwenyewe hupanda juu ya kiti kwa woga.

Daktari Pinckney, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimlaza Magnolia juu ya taulo akampapasa kwa ncha za vidole. Akafika kwenye mafundo yale mawili akasimama. Akavaa miwani.

"Nani amembinya huyu?"

"Hakuna aliyembinya," Verlene alisema.

"Kuna aliyembinya. Tazama hapa, pamevia damu. Na hapa. Hivi ni vidole gumba viwili, tena leo hii. Mtu amejaribu kulikamua yai litoke kwa nguvu."

Verlene aligeuza shingo taratibu, kama alivyokuwa akifanya kwenye basi akisikia kitu kimerushwa kutoka viti vya nyuma.

"Thurmond."

"Kidogo tu," alisema Thurmond. "Niliona yakitoka tutaokoa safari. Watu wengi hufanya hivyo."

"Watu wengi!" Daktari alisema. "Na wengi huniletea maiti. Nyama ya ndani humo ni nyepesi kama karatasi iliyolowa, bwana. Nendeni mkakae nje."

Wakakaa nje. Verlene hakupiga kelele. Hasira ilikuwa imepita pale pa kelele, imekaa kifuani, nzito, na chini yake kulikuwa na hofu. Alimwacha mdogo wake azungushe kofia mikononi. Saa sita ikapita. Simu ya Thurmond ikalia, ikalia tena, akaizima.

Mwishowe daktari alitoka, amechoka. Alikuwa ameingiza sindano akavuta maji ya yai la kwanza, likasinyaa, likatoka. La pili lilikuwa limegandamana na nyama pale palipobinywa pakachanika, ikabidi apasue.

"Yuko hai," alisema. "Ana nguvu kuliko alivyoonekana. Lakini njia ya mayai nimeiondoa. Hatataga tena."

"Kabisa?" Thurmond aliuliza. "Hata mwaka kesho?"

Daktari alimtazama. Verlene alimtazama. Hata mbwa wa mtu, aliyekuwa akingoja zamu yake sakafuni, aliinua kichwa.

"Asante, daktari," Verlene alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Asante. Asitage. Apumzike, mwanangu."

Magnolia alilazwa pale. Wakati wa kurudi, walipokwisha kuvuka daraja la mto, Verlene alimwambia mdogo wake, "Mayai haya utayatunza kwenye joto lako, kwa kuwa mimi sina chombo. Yatakayoanguliwa ni yangu yote. Sina nusu ya kumpa mtu."

"Sawa," Thurmond alijibu haraka. Jicho lake lilikuwa kwenye beseni, kwenye vile vialama vya penseli, vyote vimetazama juu. "Dada. Hukuyageuza, sivyo? Kule chumbani, ulipokwenda peke yako?"

"Alama si unaziona?"

"Naziona. Lakini ulizitia lini? Kabla au... baada?"

Verlene alitazama dirishani, miti ikipita na ndevu zake za kijivu, ile mimea inayoning'inia matawini. Alikuwa amezitia jana, yai kwa yai, kila Magnolia alipomaliza moja, na tangu hapo hakuna hata moja lililolala ubavu. Angewezaje? Yalikuwa ya Magnolia, na ndiyo ya mwisho.

"Verlene? Nitajuaje sasa?"

"Itachukua miezi miwili tu," alisema. "Maumbile yana njia yake, mdogo wangu. Subira huvuta heri."