Masega ya Patipati Chini ya Kona

Jumapili ya kwanza ya Agosti 1996, saa nne asubuhi, Esnah alikuwa akipika patipati kuukuu, ndala za mpira, ndani ya sufuria ya harusi. Alizipata kwa gunia dukani kwa Nayna, mjini Kisii. Zilipoyeyuka alitia utomvu wa ndizi, akakoroga mpaka uzito ukawa wa uji wa mgonjwa, kisha akajaza mfuko wake wa kupambia keki. Wasabato wote wa upande ule, akiolewa mtu, keki ni ya Esnah, kwa hiyo mkono wake uliijua kazi. Alikamua mstari juu ya mstari, kitundu kando ya kitundu kama masega ya nyuki, hadi migomba yote chini ya kona ya barabara ikazungukwa.

Kona hiyo ndiyo iliyomuua mumewe, Nyamweya, akiwa juu ya baiskeli yake, anapiga kengele. Tangu hapo Esnah alipeleka barua saba ofisi ya barabara, kila mwaka moja, akiomba vyuma vya kuzuia watu wasianguke. Kila mwaka aliambiwa arudi Jumanne.

Gari la kwanza kuanguka lilikuwa pikapu ya Walter, imebeba maharusi na keki ya ghorofa tatu. Lilizama kwenye masega mpaka vioo, likatulia, kisha likarushwa polepole hadi barabarani, magurudumu chini. Keki haikupoteza hata ua moja.

"Walter, turudie!" bibi harusi akasema.

"Tutachelewa, dada. Mchungaji anangoja."

"Si amezoea kungoja? Rudisha gari nyuma!"

Walirudia mara mbili.

Vishindo vya kuanguka havikupotea. Masega yalivimeza, na kila Jumamosi jua likizama, Sabato ikiisha, Esnah aliinua pembe moja ya masega vikatoka vikiwa vigelegele. Ng'ombe wa majirani walizoea, wakaongeza maziwa. Kufikia Novemba kwaya nzima ilikuwa imeanguka, sauti ya nne ikiwa imeshikilia noti yake kwenda na kurudi.

Desemba akaja Omwenga, afisa wa barabara.

"Mama, mwaka huu hapa hakufa mtu."

"Hakuna, mwanangu. Na vyuma?"

"Vyuma tunaweka mahali watu wanakufa."

"Alikufa Nyamweya."

"Huyo ni wa zamani, mama."

Akatandaza karatasi juu ya boneti ya gari lake, akaipiga muhuri: kona ni salama. Akaondoka kwa kasi, akaanguka, akarudishwa, kalamu bado mkononi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa tai.

"Mbuya mono!" akapaza sauti. Nzuri sana. Karatasi hakuibadilisha.

Jumamosi hiyo Esnah aliinua pembe. Vigelegele vikatoka, cha Omwenga kikiwa kirefu kuliko vyote. Nyuma yavyo ikalia kengele ya baiskeli, mara moja, halafu kishindo kimoja ambacho hakikugeuka kuwa kitu kingine.

Esnah alishusha pembe, akaisawazisha kwa kiganja. Jumatatu alipeleka barua ya nane. Wakamwambia arudi Jumanne.