Faranga Chini ya Mlima

Miwani ya Priska Indergand iliingia ukungu kabla hajafika mlango wa pili, na hapo ndipo hofu ilipoanza. Kwa miezi saba alikuwa akiingia handakini humo kila mwezi, na hewa ilikuwa kavu kama ya stoo ya nafaka. Leo ilikuwa nzito. Aliifuta miwani kwa skafu, akaivaa, ikaingia ukungu tena.

"Mzee Wisi," aliita. "Umenusa?"

Alois Tresch, ambaye bonde zima lilimwita Wisi, alikuwa mbele yake na taa. Alikuwa na miaka sitini na minane, thelathini kati ya hiyo akiwa mlinzi wa ngome hii ya jeshi, na jeshi lilipoiuza ngome yeye hakuondoka. Aliuzwa pamoja na milango, walisema wenyeji.

"Nimenusa nini?"

"Unyevu."

"Mlima lazima utoe jasho, binti. Hata mimi natoa."

Priska hakucheka. Kipima unyevu kilichotundikwa kando ya kabati la chuma kilisoma themanini na nane. Kilitakiwa kisipite sitini. Aligonga kioo chake kwa ukucha, kama mtu anavyogonga mlango wa jirani anayemwogopa, na mshale ukabaki palepale.

Ndani ya kabati hilo kulikuwa na faranga milioni ishirini na mbili za mfuko wa pensheni wa wachonga mawe. Watu mia mbili thelathini na sita, waliostaafu na walio bado machimboni, walikuwa na uzee wao humo. Priska, meneja wa mfuko kwa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeishawishi bodi. Hoja yake ilikuwa ya hesabu tupu. Benki zilikuwa zinatoza robo tatu ya asilimia kwa mwaka kwa fedha zinazowekwa kwao, yaani faranga laki moja na elfu sitini na tano. Faida ya dhamana za serikali za miaka kumi nayo ilikuwa chini ya sifuri. Na sheria ilimtaka awaongezee wanachama wake asilimia moja na robo kila mwaka, ipatikane isipatikane. Kukodi handaki, pamoja na bima na mlinzi, kuligharimu faranga elfu hamsini na nane. Mjumbe mmoja tu wa bodi ndiye aliyeuliza kama si ajabu kuficha pesa chini ya mlima katika nchi yenye benki kila kona. Priska alimjibu kwamba ajabu si neno la kihesabu.

Sasa aliifungua ile ngoma ndogo inayozungushwa na saa, ambayo huchora unyevu kwa wino kwenye karatasi ya mwezi mzima. Mstari ulikuwa umelala shwari tangu tarehe mosi, kisha ukaanza kupanda. Aliinamia karatasi. Ulianza kupanda Jumatano ya tarehe tatu, mchana, kama saa saba na nusu.

Nchi nzima inaijua saa hiyo. Jumatano ya kwanza ya Februari, saa saba unusu, ving'ora vyote hujaribiwa, na watu huendelea kula.

"Mzee Wisi. Jumatano ile king'ora kilipolia, ulifanya nini?"

"Nilifunga."

"Ulifunga nini?"

"Valvu za hewa. Zote nne. Na mashine ya kukausha nikaizima, maana hairuhusiwi kufanya kazi valvu zikiwa zimefungwa." Alisema kwa utulivu wa mtu anayesoma ratiba ya treni. "Nafunga kila mwaka. Sijawahi kukosa hata mmoja."

"Lilikuwa jaribio tu."

"Kanuni haisemi jaribio. Inasema king'ora."

"Na mwaka jana nani alifungua?"

"Mwaka jana humu hamkuwa na kitu. Nilifungua mwenyewe, nani angenishitaki?" Alikuna kidevu. "Mwaka huu kuna mkataba. Valvu hufunguliwa kwa amri ya mkuu wa kituo. Nikasubiri amri."

"Siku tisa?"

"Mwaka sabini na nane tulisubiri kumi na moja. Tulikula biskuti mpaka tukachukia meno."

Priska alimgeukia. "Mkuu wa kituo ni nani? Jeshi limeondoka miaka kumi na mitatu iliyopita."

Wisi alimtazama kwa mara ya kwanza kwa kitu kinachofanana na huruma. "Si wewe? Kifungu cha tatu. Mpangaji anachukua madaraka yote ya mkuu wa kituo. Na cha kumi na nne, kanuni za zamani zitaendelea kutumika. Nimeusoma mkataba mara nne, binti. Niliona umeandikwa vizuri."

Aliuandika yeye. Wakili alitaka faranga elfu nne kuandika mpya, naye akaona ni ufujaji, akanakili kanuni za jeshi neno kwa neno jioni mbili jikoni kwake. Hakuna kosa lililofanyika isipokuwa lake. Mzee alifanya kila alichoandikiwa.

"Fungua," alisema. "Valvu zote, na mashine uiwashe. Hiyo ndiyo amri."

"Sawa, mkuu." Hakukuwa na dhihaka katika sauti yake, na hilo lilimuumiza zaidi.

Wisi aliporudi, kila mmoja alitia ufunguo wake, kabati likafunguka. Mabunda ishirini na mawili, kila bunda noti elfu moja za faranga elfu moja, yamefungwa kwa plastiki ya benki. Yote pamoja yalijaza rafu mbili. Priska hakupata kuzoea udogo wa mali ile. Ukuta wa ndani wa kabati ulikuwa na matone. Kwenye bunda la chini kushoto plastiki ilikuwa imeachia pembeni, na noti za ukingoni zilikuwa na madoa ya kijivu, yenye manyoya kama shavu la panya.

"Kuvu," alisema Wisi.

"Benki Kuu hubadilisha noti iliyoharibika, mradi zaidi ya nusu ipo." Priska alijisikia akisema kama anayesomea mtihani. "Si hilo."

"Ni lipi basi?"

"Bima. Unyevu ukipita sitini kwa saa sabini na mbili mfululizo, bima inakufa yenyewe." Alifuata mstari wa wino kwa kidole. "Imekufa Jumapili alfajiri. Tangu Jumapili hizi ni karatasi ndani ya shimo. Moto ukiwaka, mtu akivunja, hakuna anayelipa."

Wisi aliinamisha taa chini. Sauti nayo ikashuka.

"Karatasi hiyo ni rahisi kulowa, unajua. Ngoma ikidondokewa na maji, wino hutawanyika. Naweka mpya, hewa inakauka siku mbili, Jumatatu mkaguzi wa bima anakuta hamsini na tano. Mimi nimezeeka, nasahau. Mdogo wangu Toni ana miaka hamsini na minane. Bado miaka saba tu machimboni, na pensheni yake imo kabatini humo. Sitaki ipotee kwa sababu ya mistari."

Priska aliutazama mkono wa mzee uliokuwa karibu na ngoma. Kwa muda wa pumzi tatu hivi alitamani mkono ule usogee bila yeye kusema kitu. Ndipo alipojiogopa kuliko alivyoogopa unyevu. Aliichomoa karatasi, akatia sahihi na saa pembeni, akaikunja katika mkoba wake.

"Ikipotea kwa sababu ya uongo itakuwa imepotea vilevile," alisema. "Nitawapigia."

Simu ilishika mlangoni tu, penye theluji. Mwanamke wa bima kule Zürich alikuwa na adabu zote. Alimshukuru kwa taarifa, akamsomea kifungu, akathibitisha kwamba hakuna kinga tangu Jumapili, na kwamba haitarudi mpaka mkaguzi apime. Gari la kubebea fedha lingeweza kufika Jumanne, kama barabara ya bondeni haitafungwa. Nyuma ya sauti yake Priska alisikia ofisi nzima: simu, vicheko, mtu akipiga chapa. Ni wangapi mle ndani ambao sasa walijua kwamba milioni ishirini na mbili zimelala bila bima, zikilindwa na mzee mmoja?

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Benki ya Altdorf ilifunga saa kumi na moja. Aliangalia juu, mteremko ulikuwa umebeba theluji mpya, na kwa hofu ya maporomoko njia ilitangazwa kufungwa saa kumi.

"Mzee Wisi, una mifuko?"

"Ya nguo chafu, ya jeshi. Mizuri. Hairuhusu maji."

Waliijaza miwili, mabunda kumi na moja kila mmoja, wakaitia kwenye buti la Subaru ya Priska. Haikuchukua robo saa. Wisi alipanda mbele, akaweka mikono magotini kama mtu aliye kanisani.

Kwenye korongo gari moja la rangi ya machungwa lilianza kuwafuata likiwasha taa. Priska alipunguza mwendo, nalo likapunguza. Alipoongeza, likaongeza. Barafu ilikuwa barabarani, ukuta wa mwamba upande mmoja, mto upande wa pili.

"Liko nyuma yetu tangu daraja la kwanza," alisema Wisi bila kugeuka. Priska alitupa jicho kwenye kioo cha nyuma. Alifikiria ofisi ile ya Zürich. Alifikiria watu mia mbili thelathini na sita, na ghafla nyuso zao zikamkimbia, zikabaki namba zao za uanachama.

Gari lilipiga honi mfululizo. Kwenye sehemu pana ya kupishana magari alisimama, kwa sababu hapakuwa na pa kulikimbilia. Mtu mrefu alishuka, akaja akikokota viatu kwenye theluji, akagonga kioo.

"Mama, unaenda wapi hivyo? Buti lako halijafungwa. Mfuko umechungulia nje kama ng'ombe kwenye lori."

Alikuwa mfanyakazi wa barabara, amevaa koti la kazi. Kabla Priska hajafungua mlango, tayari alikuwa nyuma, akisukuma mfuko kwa goti.

"Mzito huu. Nguo za kufua?"

"Za ukoo mzima," alisema Wisi kupitia dirishani.

"Poleni. Harakisheni, nafunga kizuizi sasa hivi." Alilibamiza buti, akalipiga kofi mara mbili.

Priska alishuka, akaenda nyuma, akafungua, akahesabu. Ishirini na mawili. Alifunga, akavuta kuhakikisha, akavuta tena. Kisha akaendesha mpaka Altdorf.

Mkuu wa makeshia wa benki, Rosmarie Furrer, alikuwa amesoma naye shule ya msingi. Aliitazama mifuko juu ya meza ya chumba cha nyuma, kisha akamtazama Priska.

"Shoga yangu, umekuja na hizo kwa gari lako?"

"Hesabu tu, Rosmarie."

"Nilikwambia. Mlima hautoi stakabadhi."

Mashine zilihesabu kwa saa nzima na zaidi, benki ikiwa imeshafungwa. Noti zote elfu ishirini na mbili zilikuwepo. Mia tatu na kumi na nne zilikuwa na kuvu, zikawekwa kando zipelekwe Benki Kuu. Priska alikaa wima kwenye kiti akingoja hofu imtoke. Haikutoka.

Rosmarie alileta fomu. "Ni robo tatu ya asilimia, kama zamani. Tunakata kila robo mwaka."

"Mtaniandikia kwamba haitapanda?"

"Hakuna benki itakayokuandikia hilo. Wiki hii tu wataalamu wameshusha tena makadirio ya ukuaji. Wakiogopa wao, sisi tuseme nini?"

Alitia sahihi. Laki moja na elfu sitini na tano, mwaka huu, na mwakani, na mwaka ambao hakuna aliyeujua.

Wisi alikuwa kwenye benchi la korido, kofia mkononi. Alisogea ampishe.

"Ziko salama?"

"Zote."

"Na tutawalipa hawa kwa kutushikia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Toni atakuta kitu?"

Angeweza kusema ndiyo na kunyamaza, na isingekuwa uongo. Lakini Jumanne bodi ingemuuliza swali hilohilo, na hesabu alikuwa nayo kichwani tangu Desemba, hakupata kuitamka mbele ya mtu.

"Atakuta pungufu. Riba zikibaki hivi na uchumi ukikua kama wanavyosema, sehemu moja ya saba itakosekana."

"Na usipokua?"

"Sijui, Mzee Wisi. Hapo ndipo ninapoogopa. Nilidhani nikizificha huko juu sitahitaji kujua."

Mzee aligeuza kofia mara moja, mbili.

"Usimwandikie barua," alisema mwishowe. "Nitamwambia mwenyewe, Jumapili, baada ya chakula. Hao wengine je?"

"Nitawaandikia mimi."

"Leo?"

"Kesho," alisema Priska, kisha akatoa kalamu mkobani. "Hapana. Leo."